Refa wa Viganja

Refa yule mama hana habari na sura za watu. Mchezaji akipewa mitupo huru, yeye humkabidhi mpira akitazama viganja tu: nani anatokwa jasho, nani ana kucha ndefu. Filimbi yake huifuta kwa pindo la fulana, hata ikiwa kavu.

Kwenye fainali ya mpira wa kikapu, kocha wa wenyeji, mdogo wa mumewe, alikuwa akirukaruka kama bisi. Mchezaji wake mmoja akachezewa rafu, na refa alikabidhi mpira wa mitupo huku akimnyamazisha kocha. Nahodha wao akatumbukiza mitupo yote miwili. Wenyeji wakaongoza kwa pointi moja, ukumbi ukalipuka!

Refa akaganda. Aliyechezewa rafu alikuwa na plasta gumbani. Viganja alivyovipa mpira havikuwa na kitu. Priii!

"Aliyetupa siye. Pointi zinafutwa, mpira kwa wageni. Nimekosea mimi, narekebisha mimi."

"Shemeji, unatuua!" Kocha alipiga magoti.

"Ungenyamaza ningeona."

Mashabiki wakazomea mpaka mabati yakatetemeka. Mara wenyeji wakapora mpira, na mwenye plasta akaangushwa tena! Nahodha akaanza kujisogeza tena.

"Rudi wewe!" kocha akamfokea.

Mwenye plasta akaenda mstarini, gumba juu. Refa akaligeuza huku na huku, akampa mpira. Wa kwanza, ndani. Wa pili ukazunguka ringi, ukasitasita, ukazama.

Hakuna aliyeshangilia. Ukumbi mzima ulimgeukia refa, kocha akiwa amejishika kichwa. Refa akaifuta filimbi, akaiacha ining'inie kifuani. Hapo ndipo paa lilipotaka kung'oka.