Mtu wa Kipimo

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kamera. Nilipewa mguu wa kamera, ule wa chuma wenye miguu mitatu, nikaambiwa niubebe mpaka kwenye mawe ya Makoko, nikae hapo hadi jua lizame, na niandike kila mara rangi ya ziwa inapobadilika. Nilirudi ofisini Musoma shingo imeungua na daftari limejaa. Mkuu wa Picha, mzee mfupi aliyevaa tai hata akipanda mlima, alilisoma lote bila kucheka.

"Sasa umeanza kuona," alisema. "Kamera utapewa kesho."

Kazi yetu ilikuwa kupiga picha za nchi, yaani vilima, mbuga na ufukwe, kwa ajili ya kalenda na vitabu vya ofisi. Wenzetu wa picha za harusi walikula pilau. Sisi tulikula vumbi. Lakini kulikuwa na kanuni moja ambayo Mkuu aliishika kama amri ya kanisa. Jiwe likipigwa peke yake, mtazamaji hajui kama ni kubwa kama nyumba au dogo kama chungu. Kwa hiyo kando yake husimamishwa mtu. Tulimwita mtu wa kipimo.

"Na asitazame kamera," Mkuu alinionya. "Akileta uso, watu watamwangalia yeye, mlima watausahau. Akupe mgongo."

Mtu wangu wa kipimo alikuwa mke wangu, Nyangeta. Alikuwa mrefu, alijua kusimama bila kutikisika, na alipenda safari kuliko mimi. Picha yetu ya kwanza tuliipigia palepale Makoko. Nilihesabu hatua mia moja kutoka kwenye kamera, nikamweka juu ya jiwe la mwisho kabla ya maji, nikapaza sauti: "Geuka kule!" Akageuka. Tuliendelea hivyo miaka mingi.

"Iko siku utanipiga na uso, wewe mwanaume," alinitania. Nikamjibu kwamba uso nauona bure nyumbani. Nilijiona mjanja sana.

Nilipohamishiwa Bunda tuliamka alfajiri kuwahi mwanga wa chini, ule unaolala juu ya nyasi na kuonyesha kila kichuguu. Safari moja tulishuka hadi Mugango. Bibi mmoja aliyekuwa akianika dagaa alitutazama muda mrefu.

"Baba, huyu mama unampigaga mgongo tu?"

"Ndiyo kazi, mama."

"Haya. Unamfundisha kuondoka."

Alisema hivyo huku akigeuza dagaa wake, kama anayetaja hali ya hewa. Nyangeta alicheka. Mimi nilikasirika, maana sijawahi kupenda kufundishwa kazi yangu.

Kituo changu kilichofuata kilikuwa Butiama. Huko Afisa Kumbukumbu, mama wa miwani minene aliyepanga picha kwenye makabati, aliniita asubuhi moja. Alikuwa ametandaza mezani picha sita za jiwe moja la kilimani, kila moja ya mwaka wake.

"Jiwe liko vilevile," alisema. "Mbona mtu wako anapungua?"

Nilichukua rula. Lenzi ilikuwa ileile, hatua zilezile, na jiwe halikupungua hata kidogo. Nyangeta alikuwa mdogo zaidi kila mwaka. Nikasema karatasi imenyauka kwenye dawa za kusafishia picha. Wote wawili tulijua kwamba karatasi haiwezi kunyauka kwa mtu ikaacha jiwe.

Jioni hiyo nilimsimamisha Nyangeta mlangoni. Kichwa chake kilifika kwenye alama yake ya siku zote.

"Unanipimia jeneza?" aliuliza, akicheka.

Hapo ndipo ningemgeuza, nimpige uso, yaishe. Nikajiambia mwanga ni mbaya, ngoja mvua ziishe. Malaria ilimchukua kwa siku tatu, mvua zikiwa bado zinanyesha.

Tulimzika Nyegina. Kwetu picha ya marehemu hutangulia mbele ya jeneza, watu wamwone kwa mara ya mwisho, kisha hutundikwa sebuleni. Picha yetu ya ndoa ilikuwa imeliwa na mchwa, na simu za siku zile hazikuwa na kamera. Nilifungua masanduku ya negativu, zile filamu za picha zangu zote, nikazipitisha moja moja kwenye mashine ya kukuzia. Zilikuwa mamia. Zote mgongo.

Ikabidi tubebe picha ya jiwe. Katekista aliitazama, akaninong'oneza, "Samahani, mzee. Marehemu yuko wapi hapa?" Binti yangu Neema, aliyeshika fremu, alimwonyesha kwa kidole. Tukiwa makaburini aliniambia neno ambalo hajalirudia tena: "Baba, ziwa lote umelipiga. Mama hukumpiga."

Nilipostaafu, ofisi iliniaga kwa kamera ya kisasa isiyotumia filamu. Ziwa lilikuwa limepanda, na lile jiwe la Nyangeta pale Makoko lilikuwa chini ya maji. Nilikwenda hata hivyo, saa kumi na mbili asubuhi, nikaweka mguu wa kamera palepale. Mbele yangu kulikuwa na maji matupu. Kwenye kioo cha kamera, juu ya maji, kulikuwa na doa kama punje ya ulezi. Mwaka uliofuata doa lilikuwa na mabega. Sikumwambia mtu. Kila mwaka nilirudi, na kila mwaka alikuwa karibu zaidi, amenipa mgongo kama nilivyomfundisha.

Vijana mnaoniuliza siri za kazi, siri ninayo moja tu: mpige mtu wako uso kwanza. Mlima utakusubiri.

Mwaka huu nilimkuta hatua mia moja, urefu wake kamili. Nilisimama pale kwenye mawe, uzee huu, nikapaza sauti: "Nyangeta! Geuka huku!" Wavuvi wawili waligeuka kunishangaa. Nikabonyeza, nikazima kamera bila kuangalia.

Iko kabatini tangu siku ile. Naogopa kukuta mgongo, na uso vilevile naogopa. Neema anakuja Jumamosi. Nimemwambia alete ile fremu ya mazishi.