Swali Lililogeuzwa Mlangoni

Kwetu Bungoma, enzi zile, mwanamume hakumtazama mama mkwe wake usoni. Akimwona njiani alijitosa kichakani, naye mama alijifunika shuka akapita. Sheria hiyo niliifuata bila kunung'unika, mpaka mama mkwe wangu alipoletwa Kitale, katika hospitali nilimokuwa nikifanya kazi ya kufunga vidonda na kutafsiri.

Tumbo lilikuwa limemvimba. Wauguzi wote walikuwa Wakikuyu, na mama alisema hajui lugha yoyote ila Kibukusu. Mke wangu alikuwa nyumbani Myanga, amejifungua juzi tu. Basi nikasimama mlangoni, nimeuelekeza uso wangu ukutani. Daktari Mzungu akaniambia kwa Kiswahili chake cha shambani:

"Wewe uliza mama, damu ya mwezi nakwisha zamani? Sasa narudi tena?"

Nilihisi masikio yanawaka moto. Nikamuuliza mama kwa Kibukusu kama anakula vizuri.

"Nakula," akajibu.

"Anasema haijarudi," nikamwambia daktari. Uongo mtupu, tena nimevaa koti jeupe!

Daktari akaandika kwamba ni maji ya tumboni. Kesho kutwa angemtoboa kwa sindano ayatoe. Mimi nikarudi kwenye bandeji zangu, nikijiona nimeponea chupuchupu.

Siku iliyofuata, saa sita mchana, nilimwona mama kwa mgongo akifua vitambaa bombani. Maji yaliyopita mtaroni yalikuwa mekundu. Bibi wa wajukuu tisa! Nikajua nimefanya nini, na nikajichukia.

Nilikwenda kwa daktari nikasema ukweli. Alinitukana mpaka akachoka, halafu akanisukuma wodini. Muuguzi mmoja akashika shuka katikati yetu, nami nikauliza swali lile lile, neno kwa neno.

"Ilirudi tangu tulipokuwa tukipalilia mahindi," mama akasema. "Na matiti yananiuma kama ya msichana."

Daktari alimpima upya, polepole, kwa mikono. Akasema si maji. Ni uvimbe kwenye kifuko cha mayai, kansa ya aina ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameiona mara moja tu, ile inayomrudishia mwanamke mzee mambo ya ujana. Sindano ikafutwa. Tungetoboa, alisema, kansa ingemwagika tumbo zima. Wiki hiyo hiyo akampasua, akautoa uvimbe mzima mzima, mkubwa kama boga, na alipoukata aliona alichotabiri. Mimi nililia pale kwenye chumba cha kuoshea vyombo, wala sikujificha.

Mama akapona, akarudi kwake, nasi tukarudia kukimbiana njiani kama kawaida.

Miaka mingi baadaye mke wangu aliniletea habari kutoka kwa mama yake. Kumbe Kiswahili alikifahamu vizuri sana; alikuwa amevuna mahindi ya Mzungu kule Endebess tangu usichana wake. Siku ile ya kwanza alimsikia daktari akiuliza, akanisikia na mimi nikigeuza.

"Sasa mama, si ungesema tu?" mke wangu alimuuliza. "Mbona ulinyamaza?"

"Mkwe wangu alikuwa ameona haya," alijibu. "Ningemwaibishaje mbele ya Mzungu?"