Chumvi ya Kogo Jerop

Kama umewahi kutoa nakala ya kitambulisho hapa Moi's Bridge, basi umewahi kunisikia. Mimi ndiye Kinyua wa saiba, lile duka la kompyuta lililo karibu na soko la mahindi, yule ambaye mteja wake haondoki kabla hajaambiwa kwamba pweza ana mioyo mitatu. Kila asubuhi nilikuwa napekua mtandao kutafuta habari za sayansi na teknolojia. Naziandika kwa Kiswahili chepesi, kisha nazituma kwenye kikundi cha wasapu cha wakulima wenzangu. Watu wakanibandika jina la Profesa, nami nikalivaa kama koti jipya.

Jambo moja sikuwaambia. Nilikuwa nasoma kichwa cha habari na aya mbili za kwanza, basi. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma mpaka Kitale.

Lakini ninayetaka kumweleza hapa ni Jerop. Najitaja kwa sababu siwezi kueleza yaliyompata nikijiacha nje, ingawa ningependa sana.

Jerop ni mjane aliyekaribia miaka sabini. Alizaliwa kwenye miteremko ya Elgon, akaolewa huku bondeni, akazika mume, akasomesha watoto kwa ekari mbili na nusu. Sote twamwita Kogo, kama Wakalenjin wanavyomwita nyanya. Si mtu wa maneno mengi. Kwa miaka kumi na minne alishika ufunguo wa ghala la kikundi chetu, na hakuna gunia lililoingia humo bila kupita mkononi mwake.

Njia yake ilikuwa hii. Anachukua chupa ya soda ya kioo iliyokauka vizuri, anatia chumvi aliyoikausha kwenye sufuria, anaongeza konzi mbili tatu za mahindi, anatikisa, kisha anaiacha itulie huku akiendelea na mambo mengine. Akirudi anaiinua kwenye mwanga. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yana maji bado, na gunia linarudi kwenye turubai, hata liwe la mchungaji. La mchungaji lilirudi mara mbili mwaka mmoja, na mahubiri ya Jumapili ile yalikuwa mafupi.

Mwaka juzi nikasoma habari za mashine ndogo za kupima unyevu wa nafaka. Unaingiza ncha yake kwenye mahindi, namba inatokea, na isipozidi kumi na tatu na nusu mahindi yamekauka. Niliwashawishi wenzangu mpaka tukaagiza moja. Ilikuja na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nane. Nilisoma pale juu panapoeleza jinsi ya kuiwasha, nikaikunja tena.

Siku ya kuingiza mahindi ghalani ilikuwa mwisho wa Novemba. Jua la saa saba lilikuwa kali, lakini wingu lilikuwa limeanza kukaa juu ya mlima na kila mtu alikuwa na haraka. Nilipita turubai moja baada ya nyingine nikichoma mahindi kwa mashine yangu. Kumi na tatu. Kumi na tatu. Kumi na mbili na nusu. Watu wakapiga makofi.

Jerop alikuwa amechuchumaa pembeni na chupa yake. Aliinuka, akanijia taratibu.

"Kinyua, hii mahindi bado iko na maji. Wacha ilale kwa turubai siku mbili tena."

Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo, hata mwenye macho mabovu angeiona. Niliiona. Nasema niliiona.

"Kogo," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "watu wako kwa mwezi, na wewe bado uko kwa chumvi? Si hiyo ni ya kuweka kwa mboga?"

Watu walicheka. Nikaona haitoshi. Nikachukua chupa ile mkononi mwake, nikaiinua, nikapiga picha, nikaituma kwenye kikundi na maneno haya: "Maabara ya kisasa, Moi's Bridge." Simu zikaanza kulia kila upande, na kicheko kikaanza upya.

Jerop alichukua chupa yake, akaifuta kwa pembe ya leso, akafungua mlango wa ghala, akasimama kando. Magunia themanini yakaingia.

Januari nikakodi lori kwenda kwa Wepukhulu, mfanyabiashara wa nafaka mjini Bungoma aliyekuwa akinunua kwetu tangu zamani. Nilikwenda na dereva peke yetu. Tulipokaribia Matulo nilikuwa bado namweleza habari za magari yanayojiendesha, naye alikuwa ameacha kuitikia tangu Kiminini.

Wepukhulu alifungua gunia la kwanza, akarudisha kichwa nyuma. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ulipotoka, punje zilikuwa zimeshikana mabonge na zina ukungu wa kijani.

"Nani arisema hii mahindi imekauka?"

Nikamwonyesha mashine. Sikuitoa kwa aibu, niliitoa kama askari anayeonyesha kitambulisho. Wepukhulu akafungua droo ya meza yake akatoa nyingine, sawasawa na yangu.

"Hata mimi niko nayo. Ni mashine mzuri. Uripima saa ngapi?"

"Saa saba. Juani."

"Mahindi ikiwa moto?" Akaiweka mashine yake kando ya yangu. "Na karatasi yake hukusoma, bana?"

Karatasi ilikuwa ndani ya mfuko wa mashine. Niliikunjua mezani pake. Mstari wa tatu kutoka chini ulisema: usipime nafaka iliyotoka juani, iache ipoe kivulini, kwa maana joto hupotosha kipimo. Dereva alikuwa nje anakunywa chai. Tulikuwa wawili tu tunaojua.

"Hii ni sumu kuvu," Wepukhulu akasema, akifunga gunia. "Hata kuku usipatie."

Njia nzima ya kurudi sikumweleza dereva habari yoyote.

Wenzangu walikuwa wananingoja pale ghalani. Linah, mwenyekiti wetu, aliona lori limerudi na mzigo na uso wake ukabadilika. Akauliza kumetokea nini. Nilikuwa na kilomita zote zile za kutafuta namna ya kusema ukweli, na nilichokuja nacho ni hiki:

"Ni ghala. Unyevu umetoka chini. Naona magunia hayakuinuliwa vizuri juu ya mbao."

Sikutaja jina la mtu. Ndio ujanja wa mwoga, huacha wengine wamalizie. Vichwa vyote viligeuka kwa Jerop. Mtu mmoja akasema, "Si ni yeye yuko na kifunguo?" Mwingine akasema ati miaka imekwenda, macho hayaoni tena. Jerop alinitazama kwa kiasi cha kumeza mate mara moja. Kisha akavua kamba shingoni, akaweka ufunguo kwenye kiganja cha Linah, akashika njia ya kwake.

Tulichoma mahindi yale siku mbili. Mwaka ule nyumba nyingi zilikula unga wa dukani. Mwezi wa tano nilimkuta Jerop kwenye foleni ya kinu cha kusaga, ameshika gorogoro moja, mkebe wa kilo mbili, ya mahindi ya kununua. Mwanamke aliyelinda chakula cha nyumba thelathini amebeba gorogoro moja. Nilitaka kupita kama sikumwona.

"Kinyua," akaniita. "Habari ya dunia leo ni gani?"

Nilimwambia kitu kuhusu roboti za kuchuma nyanya, nikaondoka mbio. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Mimi nilikuwa nimepita mia na bado nilikuwa natembea huru, na hilo ndilo lilinitesa.

Halafu Julai, nikipekua mtandao kama kawaida, nikakutana na makala ya watafiti wa nafaka kuhusu njia za bei nafuu za kujua kama mahindi yamekauka. Chumvi kavu kwenye chupa ya kioo. Walieleza jinsi chumvi inavyonyonya maji kutoka kwenye punje na kwa nini inashika kioo. Hiyo ndiyo makala ya kwanza niliyoisoma mpaka nukta ya mwisho. Niliisoma mara tatu. Kisha nikakaa na simu, kidole juu ya kitufe cha kutuma. Ningeituma, mtu angeuliza, "Profesa, sasa yale mahindi yetu?" Nikatuma habari za betri mpya ya simu. Aibu niliyoisikia asubuhi ile sijawahi kuisikia hata nilipofumaniwa nikiwa kijana naiba miwa.

Oktoba tukakutana kanisani baada ya ibada kuchagua mtu wa ghala. Jerop alikaa benchi la nyuma. Linah akasimama.

"Mimi naona tusipoteze time. Kinyua ndio ako na mashine na ako na kichwa. Tumpatie kifunguo. Nani anakataa?"

Hakuna aliyekataa. Makofi yakapigwa. Linah akanijia na ufunguo, bado uko kwenye kamba ile ile, rangi imekolea jasho la shingo ya mtu mwingine. Nilinyoosha mkono. Ulipogusa kiganja changu niliuweka juu ya benchi la mbele.

Nilitoa ile karatasi mfukoni. Nilikuwa natembea nayo tangu Bungoma. Niliisoma kwa sauti, kutoka juu mpaka chini, na nilipofika mstari wa tatu kutoka mwisho niliusoma mara mbili. Nikawaambia nilipima mahindi yakiwa moto. Nikawaambia Wepukhulu alinionyesha kosa langu siku ile ile. Nikawaambia ghala halikuwa na unyevu, mbao zilikuwa sawa, na niliyajua hayo yote nilipokuwa nasema yale niliyosema. Nikaomba msamaha, kwanza kwa Jerop, kisha kwao.

Wakaanza kunirukia kwa maneno, na walikuwa na haki. Linah ndiye aliyewanyamazisha. Akageuka nyuma.

"Kogo, na wewe ulinyamaza tu? Hukuwa unajua?"

Jerop hakuinuka.

"Nilijua. Wepukhulu alinipigia simu jioni hiyo hiyo. Aliniambia yote, hata ya karatasi."

"Miezi tisa! Si ungetuambia?"

"Nilikuwa nangoja Kinyua aseme. Kila asubuhi mjukuu wangu ananisomea ile habari anatuma. Najiambia, leo ndio atasema. Naambiwa ni nyota. Naambiwa ni betri."

"Lakini Kogo, wewe mwenyewe ungesema."

Jerop alimtazama Linah, kisha akapitisha macho kwa kila mmoja wetu, benchi kwa benchi, bila hasira yoyote.

"Siku ile nilisema, na chupa ilikuwa kwa mkono yangu. Mlifanya nini?"

Walioinamisha vichwa walikuwa wengi, na mimi ndiye niliyekuwa nimewafundisha kucheka.