Kiti cha Kando ya Mama

Wateja walimwita Kipanya, na yeye hakukasirika. Kutwa nzima kiganja chake kilikuwa juu ya kipanya cha kompyuta, mwili wake nyuma ya pazia la buluu, na aliyekaa mbele studioni alisikia tu mibofyo, tiki, tiki, kama mtu anayemenya karanga. Dada yake mkubwa ndiye aliyeshika kamera. Dada ndiye aliyekwenda harusini, akapewa kiti cha mbele na sahani ya kwanza, akarudi ananukia manukato ya watu. Kipanya aliletewa kadi ya kamera.

Ndani ya kadi ile mlikuwa na ulimwengu ambao haujanawa uso. Bwana harusi kalowa jasho kwapani. Shangazi kafumba macho karibu kila picha. Nguzo ya umeme imeota juu ya kichwa cha bibi harusi. Kipanya alifungua programu yake ya kuhariri, akaikuza picha mpaka vinyweleo vikaonekana, akaanza. Jasho likakauka. Nguzo ikang'oka bila jembe. Shangazi akaazimwa macho yake mwenyewe kutoka katika picha moja aliyokuwa amefumbua.

Kisha mteja angekuja, azitazame, apige vigelegele. "Dada, una mkono wewe! Mkono wa dhahabu!"

"Kazi tu, jamani," Dada angejibu, akijishebedua.

Nyuma ya pazia, Kipanya alimeza kijiba chake cha roho. Ati mkono! Mkono upi uliong'oa nguzo?

Wivu huu ulikuwepo tangu kabla ya kompyuta. Utotoni, Mama alifuatana na Dada sokoni, Kipanya akaachwa alinde mlango. Nguo zilimfikia viwiko vikiwa vimeshazoea umbo la Dada. Sasa Mama alikuwa anahama, anakwenda kuishi kwa kaka yao mji mwingine, na ombi lake lilikuwa dogo: picha yake na binti zake wawili, aitundike katika chumba chake kipya. "Moja tu. Ukuta wa kule ni mfupi."

Kwanza, kama kawaida, Kipanya alikalishwa kwenye stuli ili Dada apime mwanga. Hiyo ilikuwa kazi yake nyingine, kukalia viti vya watu. Picha zake za majaribio zilikuwa tele, na zote hufutwa. Dada aliitega kamera ipige yenyewe, akaenda kusimama nyuma kuijaribu. Kiti cha katikati kilikuwa kitupu, Mama bado anafunga kilemba.

Mama alipoketi, Dada akagawa nafasi. "Wewe nyuma. Una shingo ndefu."

"Si tumelingana?"

"Mwili, ndiyo. Shingo umenizidi. Simama, mdogo wangu, usinichoshe."

Dada akatega kamera, akakimbilia stuli. Picha kadhaa zikapigwa. Kabla ya ile ya mwisho, iliyotoka nzuri kuliko zote, Mama alinyoosha mkono, akaukamata wa Dada, akaubana pajani kwake, vidole ndani ya vidole. Kipanya aliona yote kutoka juu.

Kesho yake asubuhi, Dada akiwa na mteja, Kipanya alifungua picha mbili sambamba: ile ya mwisho, na ile ya majaribio, iliyokuwa bado haijafutwa, yeye kakaa, Dada kasimama, kiti cha katikati kitupu. Alimkata Mama taratibu, ukingo kwa ukingo, akamhamishia katika kiti kile. Tazama sasa! Kipanya kando ya Mama, Dada nyuma kama mgeni aliyechelewa. Taabu ilikuwa ule mkono. Vidole vya Dada vilikuwa vimesukana na vya Mama. Ukivikata, Mama anabaki nusu kiganja. Basi akaviacha. Akaivua pete ya ndoa ya Dada, akaunga kiganja kile kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, akalinganisha rangi. Akachapa, akatia fremu.

Mchana Mama akaja kuichukua. Alivaa miwani. "Mbona nimependeza!" Kisha akaisogeza karibu na pua. "Huu mkono wa nani?"

"Wangu, Mama."

"Wako tangu lini? Mikono yenu nimeiosha mimi. Kidole hiki kilibanwa na mlango, ni cha dada yako. Na wewe hukukaa hapa. Ulikuwa unanipumulia kisogoni."

Dada akaja mbio, akachungulia. "Umenitupa nyuma! Na kiuno umenipunguza?"

"Sijakigusa."

"Kumbe." Alikitazama kidogo, kisha akakumbuka hasira yake. "Una nini na mimi, wewe?"

"Alikushika mkono!" Kipanya alilipuka. "Kila kitu wewe. Wateja wewe, sifa wewe, na Mama pia wewe!"

Mama alicheka hata miwani ikateremka. "Nilimshika atulie! Kila picha ananyanyuka kwenda kuitazama kamera, na mimi kiuno kinaniwaka moto. Nikasema safari hii hutoki. Wewe nikushike ya nini, mwanangu? Umetulia kama mtungi."

"Kwa hiyo mimi, kwa kuwa natulia, sishikwi?"

Kicheko kikakatika. Mama aliinua stuli, akapita nayo nyuma ya pazia, mahali ambapo alikuwa hajawahi kukanyaga, akaiweka ubavuni mwa kiti cha Kipanya. "Nifungulie ile ya kweli. Nataka kuona unavyofanya."

Kipanya akaifungua. Akamwonyesha uso wake ulivyo mkubwa kama uwanja, akamwonyesha brashi inavyopita.

"Hicho kidevu cha pili sikukialika," Mama alisema. "Kiondoe."

"Nikikiondoa chote utafanana na kuku."

"Basi niachie cha kuku aliyenona."

Wakacheka, bega la Mama likamwegemea, likabaki hapohapo. Kipanya alifanya kazi polepole kuliko siku zote.

"Mnacheka nini huko?" Dada aliita kutoka mbele. Kisha tena, kwa sauti ya mtu aliyeachwa mlangoni, ambayo Kipanya aliijua vizuri mno, maana aliishi nayo miaka: "Na mimi nije?"

"Nafasi hakuna," Kipanya alisema, na wala hakuona haya.