Pazia la Chumba cha Mama

Ami zangu wawili, ndugu wa marehemu baba, walikuja Ijumaa baada ya swala kuitazama nyumba tunayotaka kuijenga Mjambere. Nilikuwa nimeichora kwenye kompyuta. Kazi yangu ni kuandika programu za michoro ya aina hiyo, basi nikajitia ubingwa: nyumba unayotembea ndani yake, kamera ndiyo jicho lako.

Chumba cha mama nilikichora na kila kilichomo, nione kama vitaenea. Hata kile kiti chenye ndoo anachokitumia kujisaidia tangu miguu imwishe nguvu. Mashemeji zake hawakuijua habari ya kiti hicho, na alitaka wasiijue.

"Tia pazia, mwanangu," aliniambia. "Wallahi, wasione ndani."

Nikatundika pazia zito la maua mlangoni pake, humo humo kwenye mchoro.

Kamera hizi lazima uziambie zianze kuona kutoka umbali gani. Kilicho karibu zaidi ya hapo hakichorwi kabisa. Kuta zangu za mbali zilikuwa zikimetameta vibaya, na dawa yake ni kuusogeza mwanzo huo mbele. Nikaweka mita moja. Kuta zikatulia, nami nikajiona fundi.

Tukaunganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni, mama ameketi nyuma yetu. Nikaipitisha kamera barazani, jikoni, kisha ukumbini mpaka mbele ya mlango wake, nikikusudia kugeuka hapo. Nilipolikaribia pazia chini ya ile mita moja, likatoweka. Kitanda chake, kanga zake, kile kiti na ndoo yake vikajaa kwenye kioo.

Ami mkubwa aliinamia kikombe chake cha kahawa. Yule mdogo akauliza taratibu, "Shemeji, kumbe waumwa hivyo?"

"Alhamdulillahi," mama alijibu, akauvuta mtandio usoni.

Niliona haya hata nikashindwa kukisogeza kipanya. Picha ile ikaendelea kukaa pale, kubwa, mpaka ami mkubwa akainuka akaizima televisheni mwenyewe.

Kurekebisha kulikuwa kubadili tarakimu tu: mita moja ikawa sentimita tano, na pazia likabaki mahali pake. Nikampelekea mama aone. Alisema ahsante bila kutazama.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiimwaga ndoo ile kila asubuhi, naingia bila hata kubisha. Siku hizi nikifika mlangoni pake naambiwa nisubiri, ndani yumo jirani anamsaidia.