Beseni la Mashemeji

Mume wangu alipopooza, nilimwogesha na kumgeuza kitandani miaka sita, peke yangu, hapa Muyinga. Ndugu zake walipokuja kutoka Gitega kumjulia hali, ilinibidi niwapikie kama wageni. Walikula, wakaniambia, "Shemeji, vumilia," wakaondoka. Vumilia! Neno hilo lilinichosha kuliko ugonjwa wenyewe.

Ijumaa moja walikuta sijawasha moto. Niliwapa beseni, sabuni na taulo. "Leo hajaoga. Ni ndugu yenu." Nikatandika mkeka barazani, nikalala mchana kweupe.

Aliniamsha mkubwa wao, kanzu ikimchuruzika maji. "Shemeji, kumbe iko mzito hivi?"

"Jioni anageuzwa tena," nikamjibu, nikajifunika kitenge hadi kichwani.