Bibi Alivyochorwa na Mwenzangu

Mwaka 2017 nilikuwa nafanya usafi kwenye fleti ya bibi mmoja wa Kiyahudi, Randburg, huku kusini mwa Afrika. Siku ambazo sikwenda kwake nilichora vichwa vya watu kwenye mabango ya saluni, mjini. Sebuleni kwake palijaa picha za jamaa zake, zilizochorwa na baba yake huko Ulaya mwanzoni mwa karne iliyopita.

Mimi nafuta vumbi, yeye ananisimulia. Baba yake alizaliwa mji mdogo, mtoto wa mwoka mikate aliyeshika dini, asiyetaka sura ya mtu ndani ya nyumba. Mzee wangu kule Tanga alikuwa hivyohivyo. Kijana yule wa mwoka mikate akatorokea mji mkubwa, akawa anachora madaktari na wake wa maofisa. Aliingia kwao kwa mlango wa jikoni, lakini akishafika sebuleni, wakubwa wale walikaa kimya mbele yake. Mambo yalipowawia mabaya Wayahudi, alizikata picha za jamaa zake kutoka kwenye fremu, akazikunja, akapanda meli na mkewe.

Nilimwonea wivu marehemu baba yake, sifichi. Mbele yangu hajawahi kukaa mtu nimchore. Wateja wananitumia picha kwa simu, wanataka nywele zionekane, basi.

Bibi akasema naye anataka kuchorwa kabla hajafa. Nikajua ni mimi nitakayemchora. Hakusema ni mimi, hilo lazima niliandike. Kwa furaha ile nikamleta mwenzangu wa mabango, Mkongo wa Lubumbashi, aje azione picha. Nilitaka kumringishia tu. Akamsalimia bibi kwa Kifaransa, kumbe ndiyo lugha aliyoongea bibi na mama yake. Walicheka mpaka chai ikapoa. Wiki iliyofuata yeye ndiye aliyeshika brashi, mimi mopu.

Siwezi kusema aliniibia. Aliniuliza kama nina neno, nikasema sina. Na mkono wake mzuri kuliko wangu. Nyuso zangu mimi hutoka kama za plastiki.

Picha ilipokaribia kwisha, bibi akaniita nitazame. Macho yalikuwa yake, mikono pia. Mdomo haukuwa wake. Ulikuwa ule wa saluni, uliofungwa na kutabasamu kidogo, ambao sisi sote tunauweka kwenye mabango bila kufikiri. Lakini niliogopa. Ni jicho linaloona, au ni wivu? Nikarudi kwenye ndoo yangu, nikatazama tena. Bado.

"Yaya," akaniambia Mkongo; kwao yaya ni kaka mkubwa. "Sema tu. Usinionee haya."

"Mdomo ni wa bango."

Akautazama sana. Akasema eish, kama wanavyoguna watu wa huku, akachukua kitambaa, akaufuta wote. Akamwomba bibi amsimulie kitu, chochote. Bibi akasimulia hadi akasahau kwamba anachorwa, na jioni mdomo ulikuwa wake kabisa, ule unaopinda upande akitaka kubisha.

Bibi akasimama mbele ya picha, akamshika Mkongo mikono yote miwili, akamwambia baba yake angempenda. Mkongo akamweleza nani aliyeliona kosa. Bibi akanishukuru vizuri, kwa heshima, kisha akamgeukia yeye tena.

Nilipewa haki yangu. Lakini niliitaka ile ya mwenzangu. Nikakusanya vikombe, nikaenda kuviosha.